Mwani umeoza, au umevunda?

"Usijali harufu, mbolea nzuri lazima inuke." Kauli hii husikika kwenye maduka ya pembejeo kuanzia Mbeya hadi Iringa, na sasa imehamia kwenye mwani wa pwani.

Kuoza ni mabaki ya kiumbe kuvunjwavunjwa na bakteria, kuvu na wadudu mpaka virutubisho virudi kwenye udongo au maji. Basi. Harufu haimo.

Kuvunda ni kuoza kwa namna moja tu, hewa ikiwa imezibwa. Lugha ilishaling'amua hilo zamani. Mama wa Tukuyu anayefunika ndizi mbichi kwa majani makavu ili ziive, anazivundika. Kilichofungiwa kikipitiliza, kinatoa uvundo. Shina ni lilelile. Aliyetuvuruga ni huyu "mbolea vunde", jina walilopewa wakulima kwa maana ya mboji, wakaamini kwamba mboji huvundishwa. Wakati rundo la mboji hugeuzwa kwa sababu hiyohiyo, lisivunde!

Mwani wenyewe ni shahidi mzuri. Ukitandaa safu nyembamba ufukweni Paje au Jambiani, Unguja, jua huukausha, funza wa nzi na vijidudu vya mchangani huutafuna, na hakuna anayeziba pua. Lakini bamvu, yaani maji makuu ya bahari, likiupandisha kwa marundo ya kufika gotini, hukaa pale kama wiki mbili mpaka bamvu lijalo. Ndani oksijeni huisha upesi. Bakteria wasioihitaji hugeukia salfeti, chumvi yenye salfa, ambayo lita moja ya maji ya bahari inayo takriban gramu 2.7, na kutoa haidrojeni salfaidi, ile harufu ya mayai viza. Gesi hiyo ikikutana na chuma kilichomo mchangani, mchanga wa chini huwa mweusi. Kwenye ghuba isiyopitisha maji vizuri, mwani uliozama humaliza oksijeni na samaki hufa.

Majani ya majini yakirundikana Matema, Ziwa Nyasa, nayo huvunda. Ila maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, yana salfeti kidogo, kwa hiyo hutoka zaidi gesi ya methani, ambayo hainuki. Pua si kipimo.

Anayetaka mboji ya mwani huku nyanda za juu auoshe chumvi kwanza, kisha achanganye ndoo moja ya mwani na tatu za mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, rundo lifike mita moja hadi moja na nusu, aligeuze kila wiki. Ukifinya konzi moja yadondoke matone machache tu. Likinuka mayai, limelowa au limeshindiliwa: geuza siku hiyohiyo, ongeza mabua. Likiwasha pua kwa amonia, nitrojeni inapotea. Dawa ni mabua hayohayo.

Muuzaji akikwambia mbolea yake imevunda vizuri, mrekebishe taratibu: pengine anataka kusema imeoza vizuri. Kama kweli imevunda, bado ina kazi ya kugeuzwa kabla hajaipima kwenye mizani.