Kushusha fomula bila kuharibu rangi na mistari ya jedwali

Ukivuta kile kimraba kidogo cha kona ya chini kulia ya seli, au ukibonyeza Ctrl+D, Excel haishushi fomula peke yake. Inashusha rangi, mistari ya mpaka, fonti na umbizo la namba (jinsi namba inavyoonyeshwa) pia. Jedwali lililopakwa rangi mstari mmoja baada ya mwingine linageuka rangi moja, na mpaka mzito wa mstari wa jumla unatoweka.

Njia ninayoitumia zaidi haihitaji kunakili chochote. Tuseme C2 ina =B2*$F$1 na unataka ifike C500. Simama C2, andika C500 kwenye kisanduku cha jina kilicho kushoto mwa upau wa fomula, kisha bonyeza Shift+Enter. Seli zote za katikati zitachaguliwa. Bonyeza kitufe cha F2, halafu Ctrl+Enter. Fomula inaingia kila mstari, B2 inakuwa B3, B4 na kuendelea, na umbizo la kila seli linabaki lilivyokuwa. Angalia alama ya $, inayofunga rejeo la seli lisibadilike, kabla ya kuanza: ukiandika F1 tupu, fomula ya C3 itasoma seli F2, na kama F2 na seli zilizo chini yake hazina kitu utapata sifuri hadi chini.

Njia hii ina mtego mmoja. Seli za chini zikiwa zimewekwa umbizo la matini, utaona fomula yenyewe badala ya jibu. Zirudishe kwenye umbizo la kawaida, kisha rudia kitufe cha F2 na Ctrl+Enter. Kubadilisha umbizo peke yake hakutoshi.

Anayependa kunakili anakili C2, achague C3 hadi C500, abonyeze Ctrl+Alt+V kufungua dirisha la kubandika maalumu, kisha F (fomula tu), kisha Enter. Ukiweka R badala ya F, umbizo la namba linakuja pamoja na fomula, lakini rangi na mipaka haiji. R ndiyo inayofaa kwa tarehe na asilimia. Bila hiyo, seli yenye umbizo la kawaida inaweza kukuonyesha 45292, namba ambayo Excel huhifadhi kwa siku hiyo, mahali pa tarehe 1 Januari 2024. Jibu ni sahihi, ila halisomeki.

Ukishavuta kwa kipanya, bado hujachelewa: bofya kitufe kidogo kinachotokea mwishoni mwa eneo ulilojaza, chagua kujaza bila umbizo.

Kinachonisumbua zaidi ya rangi ni kanuni za umbizo lenye masharti, yaani zile zinazobadilisha mwonekano wa seli kulingana na kilichomo. Nazo husafiri na seli iliyonakiliwa. Kila unakili wa kawaida unaweza kuikata kanuni moja ya C2:C500 kuwa vipande vingi, na faili linazidi kuwa zito bila sababu inayoonekana. Fungua dirisha la kusimamia kanuni. Ukikuta kanuni ileile imejirudia kwa maeneo madogomadogo, futa marudio, bakiza moja, na uirefushe ifunike safu nzima.