Maana ya skeli katika modeli za ndege na vifaru vya zamani

Skeli ni uwiano kati ya kipimo cha sehemu yoyote ya modeli na kipimo cha sehemu hiyo hiyo katika kitu halisi kinachoigwa. Sanduku la modeli likiandikwa 1/72, maana yake ni kwamba kila milimita moja ya plastiki iliyomo ndani inasimama badala ya milimita 72 za ndege au gari lenyewe, na kwamba uwiano huo haubadiliki kuanzia ncha ya bawa hadi gurudumu la mkia. Hapo ndipo modeli inapoachana na kifaa cha kuchezea. Mtengenezaji wa vifaa vya kuchezea yuko huru kufupisha mabawa ili yasivunjike, kunenepesha magurudumu ili yabiringike vizuri sakafuni, na kumpa rubani kichwa kikubwa ili aonekane. Mtengenezaji wa modeli amejifunga kwa namba moja, na kila anachokitia ndani ya sanduku kitapimwa kwa namba hiyo na mnunuzi mwenye rula.

Kwa kuwa skeli huandikwa kama sehemu, namba ya chini ikizidi kuwa kubwa modeli huzidi kuwa ndogo, jambo ambalo huwachanganya wengi wanaoanza. Waundaji wanapotaja skeli kubwa huwa wanazungumzia 1/24 au 1/32, na wanapotaja skeli ndogo huwa wanazungumzia 1/72 au 1/144. Tuchukue Spitfire Mk I, ndege ya kivita ya Uingereza iliyopata umaarufu mwaka 1940, ambayo mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha. Gawanya kipimo hicho kwa 72 utapata milimita 156, yaani modeli inayokaa kwenye kiganja. Kwa skeli ya 1/48 mabawa yanafika milimita 234, kwa 1/32 yanafika milimita 351, na kwa 1/24 yanakaribia nusu mita.

Namba hizo za upana, hata hivyo, hazisemi yote, kwa sababu skeli hufanya kazi katika pande tatu kwa pamoja. Spitfire ya 1/48 ni ndefu kuliko ya 1/72 kwa mara moja na nusu tu, lakini eneo lake la kupakwa rangi ni mara mbili na robo, na ujazo wake ni zaidi ya mara tatu. Ndiyo maana modeli mbili ambazo mtu angedhani zinapishana kidogo huonekana, zikiwekwa pamoja mezani, kama mtoto na mzazi wake. Ndiyo maana pia mpenzi wa ndege kubwa za kudondosha mabomu hulazimika kufikiria rafu kabla ya kufikiria rangi: Lancaster, yenye mabawa ya mita 31.09, huchukua milimita 432 kwa skeli ya 1/72, na milimita 972 kwa skeli ya 1/32. Kitu chenye upana wa karibu mita moja hakifichiki nyumbani.

Swali linalofuata ni kwa nini namba zenyewe ni 72, 48, 35 na 32, wakati dunia kubwa hupima kwa mita na ingetazamiwa kupendelea 50 au 100. Jibu la sehemu kubwa ya namba hizo ni inchi na futi. Futi moja ina inchi 12, kwa hiyo ukichora nusu inchi badala ya kila futi unapata 1/24, ukichora robo inchi unapata 1/48, na ukichora sehemu tatu kati ya nane za inchi unapata 1/32. Inchi moja ikisimama badala ya futi sita, yaani pima moja, unapata 1/72. Skeli hiyo ya mwisho ilitumiwa na modeli za mbao za Skybirds nchini Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1930, kisha mwaka 1936 na Frog Penguin, ambazo ni miongoni mwa modeli za kwanza za plastiki kuuzwa kwa vipande vya kuunganishwa.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia iliipa 1/72 nguvu zaidi. Mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge kwa mbao mamia ya maelfu ya ndege za skeli hiyo, zilizopakwa rangi nyeusi, ili askari na marubani wajifunze kutambua ndege ya adui kwa umbo lake tu. Matumizi hayo yanaonyesha vizuri skeli ni kitu gani. Ndege ya 1/72 ikitazamwa kutoka mita 10 huchukua nafasi ile ile machoni kama ndege halisi iliyo umbali wa mita 720, na mkufunzi aliweza kumzoesha mwanafunzi wake umbali wa hatari akiwa darasani. Vita vilipokwisha, skeli ilikuwa imeshazoeleka, na Airfix walipotoa Spitfire yao ya kwanza mwaka 1953 walifuata 1/72 vilevile.

Vifaru vina historia nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo yenye kuchekesha zaidi. Skeli inayotawala vifaru na magari ya kijeshi ni 1/35, namba isiyogawanyika vizuri kwa inchi wala haina raha yoyote kwa milimita. Asili yake ni kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ambayo mwaka 1961 ilitoa modeli ya kifaru cha Kijerumani cha Panther chenye mota ya umeme ndani yake. Mota ilihitaji betri, betri zilihitaji nafasi, na mwili wa kifaru ukachorwa kwa ukubwa wa kutosha kuzimeza. Modeli ilipokuja kupimwa dhidi ya kifaru halisi, uwiano ukaangukia karibu na 1/35. Panther ile ikauzwa vizuri, vifaru vilivyofuata vikachorwa kwa ukubwa huo huo ili vilingane, na kampuni nyingine zikalazimika kufuata kwa kuwa mnunuzi hataki kifaru kisichoweza kusimama kando ya vile alivyo navyo. Leo mota na betri zimetoweka katika modeli nyingi za aina hiyo, lakini kipimo chake kimebaki.

Gharama ya bahati hiyo ni kwamba vifaru na ndege havikutani. Modeli kubwa za ndege hutengenezwa kwa 1/32 na vifaru kwa 1/35, tofauti ambayo kwa maneno ni ndogo, ila macho huiona mara moja. Askari wa mita 1.80 ana urefu wa milimita 51 kwa skeli ya 1/35 na milimita 56 kwa skeli ya 1/32, na milimita tano juu ya umbo la ukubwa huo zinatosha kumfanya mmoja aonekane jitu. Mtu anayetaka kuunda uwanja wa ndege wenye lori la mafuta na mafundi huona afadhali ahamie 1/48 au 1/72, ambako ndege na magari hupatikana kwa skeli moja. Hata huko awe macho, kwani magari mengi madogo ya zamani yaliyotengenezwa Uingereza yalifuata 1/76, ambayo ni skeli ya treni za kuchezesha nyumbani inayochukua milimita nne kwa kila futi. Meli zina desturi zake, hasa 1/350 na 1/700.

Zipo pia modeli zilizochorwa pasipo skeli ya kawaida. Katika miaka ya 1950 baadhi ya watengenezaji walianza na ukubwa wa sanduku, kisha wakamnyoosha au kumfinya mnyama wa chuma hadi akatoshea. Manowari ya Missouri iliyotolewa na Revell mwaka 1953 iliangukia 1/535, namba ambayo hakuna aliyeipanga. Modeli za namna hiyo zina wapenzi wake, na si haki kuzidharau, lakini haziwezi kupangwa pamoja na nyingine kwenye rafu kwa ajili ya kulinganisha ukubwa.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kila kitu hukubali kupunguzwa. Sivyo. Plastiki inayoyeyushwa na kusukumwa ndani ya kalibu ya chuma ina wembamba ambao haiwezi kuupita bila kupinda au kushindwa kujaza nafasi, na wembamba huo haujali skeli. Kioo cha chumba cha rubani chenye unene wa milimita moja, kikiwa kwenye ndege ya 1/72, ni sawa na kioo cha milimita 72 katika ndege halisi, na ndiyo sababu rubani aliye ndani huonekana amepindapinda. Ukingo wa nyuma wa bawa, ambao katika ndege halisi ni mkali, hutoka kalibuni ukiwa butu, na mwundaji mwenye subira huukwangua kwa msasa upande wa ndani kabla ya kuunganisha nusu mbili za bawa. Kwa mikanda ya kiti na vishikio vidogo, wengi huacha plastiki kabisa na kutumia bati jembamba la shaba lililokatwa kwa kemikali: mkanda wa unene wa milimita 0.1 kwenye gari la 1/35 ni sawa na milimita 3.5, kipimo ambacho mkanda halisi wa turubai haukionei haya.

Ubishi mkubwa zaidi uko kwenye mistari ya maungio ya mabati. Ndege halisi imeunganishwa kwa vipande vya bati la alumini vilivyopigwa ribiti, na mwanya kati ya kipande na kipande mara nyingi ni mwembamba kiasi kwamba ukisimama hatua chache huuoni. Mtengenezaji wa modeli huchora mwanya huo kwa mfereji wa, tuseme, milimita 0.2. Zidisha kwa 72: unapata mfereji wa milimita 14.4, ambamo fundi wa ndege angeweza kuingiza ncha ya kidole. Kwa mujibu wa skeli peke yake mistari hiyo ingepaswa kufutwa yote. Lakini ukiifuta, ndege hubaki kama sabuni iliyotumika, kwa sababu jicho linalotazama kitu kidogo hutafuta alama za kuliambia kwamba kimeundwa kwa chuma. Kwa hiyo waundaji huiacha, tena huitiririshia rangi ya majimaji yenye giza ili ionekane zaidi, na wote hujua kwamba wamekubaliana na uongo mdogo. Mimi niko upande wa wanaoiacha, ila sioni sababu ya kuipaka nyeusi tii juu ya ndege nyeupe.

Rangi nayo ina suala lake. Kitu kikiwa mbali, hewa iliyo katikati hukififisha, na modeli iliyo mbele ya pua yako inajaribu kuonekana kama kitu kilicho mbali. Kwa hoja hiyo waundaji wengine huongeza rangi nyeupe kidogo katika kila rangi, na huongeza zaidi kadiri modeli inavyokuwa ndogo. Wengine hushikilia kwamba rangi ya kiwandani ni rangi ya kiwandani. Hakuna kanuni ya hesabu inayomaliza ubishi huu, kwani hali ya hewa na mwanga wa chumba havina skeli, ingawa kifaru cha 1/72 kilichopakwa kijani kizito kama kilivyotoka koponi kwa kawaida huonekana cheusi kikiwa rafuni.

Anayetaka kukagua modeli kabla ya kuigusa kwa gundi huhitaji rula na vipimo vya kitu halisi, na hapa wapenzi wa magari ya zamani yanayohifadhiwa kwenye makumbusho huwafaa sana waundaji. Lakini vipimo vyenyewe vinataka kusomwa kwa makini. Tiger I ya Kijerumani huandikwa mahali pamoja kuwa na urefu wa mita 8.45 na mahali pengine mita 6.32, na vyote viwili ni sahihi: cha kwanza kinajumlisha mzinga ulioelekezwa mbele, cha pili ni mwili peke yake. Kwa skeli ya 1/35 hiyo ni tofauti kati ya milimita 241 na milimita 181. Kifaru hicho hicho kilikuwa na minyororo ya aina mbili, mipana ya milimita 725 kwa mapigano na myembamba ya milimita 520 kwa kusafirishwa kwa treni, kwa hiyo modeli yenye mnyororo wa milimita 15 badala ya 21 huenda haina kosa lolote. Tiger namba 131 iliyotekwa Tunisia mwaka 1943 imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya vifaru la Bovington, Uingereza, na ni moja ya vyanzo bora vya kumaliza mabishano ya aina hiyo.

Ukishapata vipimo viwili au zaidi vya uhakika, unaweza kutofautisha kosa la skeli na kosa la umbo. Spitfire Mk I ina urefu wa mita 9.12, kwa hiyo modeli ya 1/72 inapaswa kuwa na milimita 127 kutoka pua hadi mkia, na mabawa ya milimita 156. Ukikuta mabawa ya milimita 150 na urefu wa milimita 122, pande zote zimepungua kwa kiasi kimoja. Sanduku limeandikwa 1/72 lakini kilichomo ni Spitfire ya 1/75 yenye umbo zuri, na ikisimama peke yake hakuna atakayeigundua. Ukikuta mabawa ya milimita 156 na urefu wa milimita 122, skeli ya bawa ni sahihi na mwili umefupishwa, ama puani ama nyuma ya chumba cha rubani, na hapo itakubidi ukate, uongeze kipande cha plastiki na kusawazisha kwa msasa, au uiache ilivyo.