Kuatamia maana yake nini? Sio kulalia mayai tu

Kuatamia ndo kile wengi tunakiita kulalia mayai, sema hilo neno kulalia linapoteza watu maana ndege pale halali, yuko kazini. Yai likishatagwa uhai umo ila umesimama, halikui mpaka lipate joto la kukaribia nyuzi 37, na joto lenyewe linatakiwa siku hadi siku. Sasa manyoya kazi yake ni kuzuia joto lisitoke mwilini, kwa hiyo msimu ukifika manyoya ya tumboni kwa mama yanapukutika, inabaki ngozi tupu imejaa mishipa ya damu, na hiyo ngozi ndo anayoibandika kwenye mayai. Halafu anayageuzageuza kwa mdomo ili kinda asigandie kwenye ganda. Mimi hapo kwenye ngozi ndo huwa nastaajabu kila nikifikiria.

Chukua mnana, hawa ndege wadogo wa njano wanaochana makuti ya mnazi mpaka unabaki vijiti. Fundi wa kujenga kiota ni dume. Anachana ukanda wa jani bichi, likikauka halipindiki, anafunga pete kwenye tawi, anasimama humohumo ndani ya pete na kusuka mbele na nyuma kadiri mdomo unavyofika, mlango anauweka chini. Akimaliza ananing'inia mlangoni kichwa chini anapigapiga mbawa kuita jike. Jike akija anaingia, anavutavuta kukagua, asiporidhika anaondoka zake, na kiota kikikaa mpaka kikakauka bila mwenyeji dume anakifumua mwenyewe anaanza upya palepale.

Jike akikubali anatandika ndani nyasi laini na manyoya, anataga mawili matatu hivi, na kuanzia hapo kuatamia ni kwake peke yake siku kama 12, anatoka kula kidogo anarudi, huku dume yuko nje anasuka kingine cha mke mwingine.

Shida ni kwamba kuna ndege wa jamii ya kekeo, yeye hajengi wala haatamii, anavizia mama katoka anaingia kutaga lake. Kwa mnana ameshapatiwa dawa: kila jike ana mayai ya rangi yake, wengine meupe, wengine ya kijani au bluu, yenye madoa au bila, basi akirudi akakuta lisilofanana na yake analitupa nje ndo anakaa tena kuatamia.