Nishati mimea: mahindi yanapoingia kwenye tangi

Nishati mimea ni mafuta ya gari yanayotokana na mazao. Ethanoli ya mahindi au miwa huchanganywa na petroli. Mafuta ya soya, michikichi au mbono (jatropha) hugeuzwa kuwa dizeli. Wanaoitetea husema mmea ukikua hufyonza hewa ya ukaa, kwa hiyo moshi wa gari umekwisha kulipiwa shambani.

Sasa chukua gunia la mahindi la kilo 90. Ukilipeleka kiwandani, unapata chini ya lita 40 za ethanoli, pengine zisijaze hata tangi la gari dogo. Si punje yote inayopotea, maana karibu theluthi hubaki kama machicha ya kulishia ng'ombe. Lakini ugali haupo tena.

Marekani ilianza kulazimisha uchanganyaji wa ethanoli na petroli kwa sheria ya mwaka 2005, na 2007 ikapandisha viwango. Siku hizi zaidi ya theluthi ya mahindi yake huenda kwenye ethanoli. Hapo ndipo sera ya kupunguza hewa ya ukaa inapogusa sahani. Mwenye kiwanda anayesukumwa na sheria hununua hata bei ikipaa. Anayepunguza ni mlaji maskini. Januari 2007 watu waliandamana Mexico City kwa sababu ya bei ya chapati za mahindi. Ukame, bei ya mafuta na nchi kuzuia nafaka zisitoke navyo vilichangia mfumuko wa bei za chakula wa 2007 na 2008, na wachumi bado wanabishana kila kimoja kilibeba uzito gani.

Tena, shamba la chakula likigeuzwa la mafuta, mara nyingi msitu hufyekwa kwingine kuziba pengo, na hewa ya ukaa iliyookolewa inarudi angani. Ulaya, iliyojiwekea mwaka 2009 lengo kwamba asilimia 10 ya nishati ya usafiri itoke kwenye vyanzo jadidifu, ilikuja kuyawekea mafuta ya mazao ya chakula kikomo cha asilimia 7 mwaka 2015.

Huku kwetu ulikuja mbono, ule mti wa uzio ambao hata mbuzi haugusi. Ulisifiwa kwamba hauli ardhi ya chakula kwa kuwa unavumilia ukame. Kuvumilia ni kitu kimoja, kuzaa mbegu za kutosha ni kingine. Kisarawe, Tanzania, kampuni kutoka Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 za vijiji. 2011 mradi ukaanguka, vibarua wakarudi nyumbani, na ardhi haikurudi nao.