Chuma kinavyovimbishwa kwa maji: dhana potofu na ukweli wake

Mtu akiona sanamu ya chuma imevimba kama mto wa kulalia, ina mikunjo pembeni na inang'aa, swali la kwanza huwa ni lilelile, waliipasha moto kiasi gani mpaka ikawa hivi. Hamna moto. Ni shiti mbili zimekatwa umbo moja, zikalazwa moja juu ya nyingine, zikachomelewa ukingo wote kuzunguka, kikaachwa kipande kifupi cha bomba cha kuingizia maji, alafu maji yanasukumwa kwa presha na chuma kinavimba kikiwa baridi kabisa. Ukitoa presha hakirudi kuwa bapa kwa sababu kimeshavutwa kupita kiwango cha kunyumbulika, kinalegea kidogo sana tu na umbo linabaki.

Sasa dhana inayonitia hofu kuliko zote ni hii ya kwamba hewa na maji ni kitu kimoja, eti kompresa ipo karibu basi inatosha, mbona viti fulani maarufu vinapulizwa kwa hewa. Kweli vipo, Oskar Zięta wa Poland aliibuni mbinu yake ya kuvimbisha chuma, inayoitwa FiDU, akiwa chuo cha ETH Zurich, Uswisi na stuli yake ya Plopp inavimbishwa kwa hewa, lakini ile ni kazi ya kiwandani yenye mitambo na kinga zake, sio ya kuigwa na mtu mwenye hozi na kompresa amesimama hatua 2 kutoka kwenye chuma.

Angalia tofauti yenyewe. Chukua sanamu inayobeba lita 20, ipe baa 10 (baa ni kipimo cha presha). Kama ndani ni maji, kwa presha hiyo yamebanwa chini ya mililita 10, yaani kama vijiko 2 vya chai, kwa hiyo weldi ikiachia kinachotakiwa kutoka ili presha ishuke ni kidogo mno, unasikia mlio, unaona maji yanaruka, imeisha. Kama ndani ni hewa, hapo umebana zaidi ya lita 200 kwenye nafasi ya lita 20 na weldi ikiachia zote zinataka kutoka kwa mpigo mmoja, na zinatoka na vipande vya chuma. Nishati iliyofungwa kwenye hewa ni maelfu ya mara ya ile ya kwenye maji. Hilo ndo jibu la kwa nini maji, wala sio suala la urahisi.

Ila usigeuke upande wa pili ukasema basi maji hayana madhara. Hewa iliyobaki ndani ni bomu dogo ndani ya maji, kwa hiyo kabla hujawasha pampu inamisha kazi yako mdomo wa bomba uwe juu kabisa, jaza kwa maji ya kawaida yasiyo na presha, tikisa, subiri, mpaka yatoke bila povu wala bubujiko ndo uunganishe pampu. Na katundu kadogo kama ncha ya sindano kwenye weldi, ukiwa na presha kubwa nyuma yake, kanarusha uzi wa maji unaoweza kupenya ngozi, kidonda kwa nje kinaonekana kadogo lakini ndani kimeharibu, huyo mtu anakwenda hospitali saa hiyohiyo hata kama haumwi. Kwa hiyo usipapase weldi kwa kidole kutafuta uvujaji! Miwani ya kazi vaa, uso usiuweke juu ya kazi.

Kuna wanaodhani lazima upate pampu ya ajabu. Piga hesabu, baa 1 ni karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo shiti ya sentimita 50 kwa 50 ikipata baa 10 inasukumwa na karibu tani 25. Msanii Ewerdt Hilgemann yeye anafanya kinyume, anaitoa nje hewa iliyo ndani ya maboksi ya stenlesi na hewa hii tunayovuta kila siku, baa 1 tu, inayakunja kama karatasi. Kwa hiyo pampu ya mkono ya kupimia mabomba inatosha kazi nyingi, na mimi naipenda kuliko mashine ya kuoshea magari kwa sababu unapampu, unaangalia geji, unatembea kuizunguka kazi, unasikiliza, ile mashine inasukuma lita kadhaa kila dakika na inaweza kupita baa 100, ukichelewa kuzima umeshapasua.

Na hapohapo kuna kitu kinachanganya wengi, wanaamini sehemu yenye upana mdogo ndo rahisi kuvimba. Ni kinyume. Presha ni ileile kila sehemu ndani, lakini palipo papana panavimba kwanza na palipo pembamba panahitaji presha kubwa zaidi. Ukichora mnyama mwenye tumbo pana na miguu myembamba, tumbo litakuwa limeshaumuka wakati miguu bado bapa, na ukilazimisha miguu tumbo ndo linapasuka. Hiyo inatatuliwa kwenye mchoro, sio kwenye pampu.

Mchoro wenyewe nao unadanganya, maana umbo ulilokata silo utakalopata. Shiti inapoinuka katikati inavuta kingo ndani, na kwa vile mzunguko wa ukingo ni mrefu kuliko nafasi mpya iliyopo ndo inajikunja, ile mikunjo sio kosa la fundi. Duara lenye upana wa sentimita 100, kama lingekuwa kitu kisichotanuka kabisa na likajazwa hadi mwisho, lingebaki na upana wa kama 76 na unene wa kama 46. Chuma kinatanuka kiasi na wengi tunaacha kabla ya mwisho, hivyo namba zako zitatofautiana, lakini mwelekeo ni huo. Ndo maana shiti 2 za duara hazikupi mpira. Anayetaka mpira anaunganisha kwanza vipande bapa vingi kuwa kama mpira wenye pembe pembe alafu anaujaza maji, njia ambayo Wang Zhongren aliianzisha kule Harbin, China, mwaka 1985, na imetengeneza mpaka matanki.

Pembe zinazoingia ndani, kama katikati ya herufi V, zikate ziwe na mviringo, maana mvutano wote unakimbilia pale.

Weldi nene sio lazima iwe imara. Kinachotakiwa ni iwe imezama na haina matundu, na ukiisaga kwa grainda mpaka iwe sawa na shiti kwa ajili ya urembo kabla ya kujaza, umepunguza palepale panapovutwa zaidi. Ikivuja, shusha presha, mwaga maji yote, acha bomba wazi ndo uchomelee. Kuchomelea chombo kilichozibwa chenye maji ni kutengeneza mvuke usio na pa kutokea.

Jambo hilohilo linarudi mwishoni watu wakiwa wameshasherehekea. Wanaziba tundu haraka ili sanamu ipendeze, wanaipeleka kwenye rangi ya unga, ile inayopuliziwa ikiwa unga mkavu kisha inaivishwa kwenye oveni, na oveni ile ina joto la kama nyuzi 180 hadi 200, maji yaliyojificha kwenye mikunjo yanachemka humo ndani. Ikaushe, iache na tundu lake wazi hadi itoke kwenye oveni na kupoa, ndo uzibe.