Maumivu Ambayo Eksirei Haiyaoni: Maswali na Majibu

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu amekata mkonge kwa miaka mingi katika mashamba ya Muheza, na sasa mgongo unamuuma mchana na usiku. Eksirei imeonyesha kwamba mifupa haina tatizo, na ndugu wengine wameanza kusema kuwa anadeka. Je, mtu anaweza kuumwa kweli na picha isionyeshe kitu?

Marahaba. Anaweza, na tafadhali waambie ndugu hao wamwache mzee. Eksirei huonyesha umbo la mifupa, ilhali maumivu ni kazi inayofanywa na mishipa ya fahamu, nayo kazi hiyo haionekani katika picha ya mifupa. Hata MRI ya kawaida, yaani kipimo cha picha kinachotumia sumaku, ambacho huonyesha diski (vile visahani laini vilivyo kati ya pingili za mgongo) na mishipa kwa uwazi zaidi, bado ni picha ya maumbile tu: wapo watu wenye diski zilizochomoza ambao hawaumwi hata kidogo, na wapo wanaoteseka huku diski zao zikiwa hazina kasoro.

Swali: Maumivu hupita wapi kabla ya mtu kuyahisi?

Mwiba wa mkonge ukimchoma mtu kidoleni, taarifa husafiri kwa nyuzi za aina mbili. Zile za haraka hupeleka taarifa kwa kasi ya mita 5 hadi 30 kwa sekunde, na ndizo zinazomfanya mtu ahisi uchungu mkali wa papo hapo. Zile za polepole, ambazo kasi yake haizidi sana mita 2 kwa sekunde, huleta ule uchungu wa kuwaka unaofuata. Zote huingia sehemu ya nyuma ya ugwe mgongo, yaani ile kamba ya mishipa ya fahamu iliyomo ndani ya uti wa mgongo, na hapo taarifa huchujwa kabla ya kuvuka upande wa pili na kupanda kupitia shina la ubongo, yaani sehemu inayounganisha ubongo na ugwe mgongo. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza kwamba mahali hapo pana lango linaloweza kufunguliwa au kufungwa. Mambo mengi ya undani katika nadharia yao yamesahihishwa, lakini wazo lenyewe limesimama.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba amri hutoka juu pia. Mwaka 1969 David Reynolds alionyesha kuwa panya aliyechochewa kwa umeme katika eneo fulani la shina la ubongo aliweza kupasuliwa tumbo bila dawa nyingine ya ganzi. Eneo hilo hutuma amri hadi kwenye ugwe mgongo, na amri hizo zinaweza kupunguza maumivu au kuyazidisha.

Swali: Haya yameonekanaje kwa mtu aliye hai?

Kwa MRI ya aina nyingine, inayofuatilia kazi badala ya umbo. Mishipa ya fahamu inapofanya kazi, damu yenye oksijeni huongezeka mahali hapo, na kwa kuwa damu iliyopoteza oksijeni huathiri usumaku kwa namna tofauti, mashine huweza kuitambua tofauti hiyo. Msingi huo uliwekwa na Seiji Ogawa mwaka 1990, na kipimo chenyewe hakitumii mionzi.

Kuupima ubongo kwa njia hii ni kazi ya kawaida siku hizi. Ugwe mgongo ndio wenye tabu: unene wake ni kama sentimita 1 tu, hutikisika ndani ya majimaji kila moyo unapopiga, mapafu yakijaa hewa usumaku hubadilika, na mifupa inayouzunguka hupotosha picha. Ni kama kusoma maandishi ya kwenye pete ukiwa ndani ya ngalawa siku ya kusi. Shina la ubongo nalo lina vituo vidogo vya milimita chache vilivyo jirani na mishipa mikubwa ya damu. Kwa sababu hiyo watafiti hurekodi mapigo ya moyo na pumzi, kisha huondoa athari zake kwa hesabu.

Swali: Wameona nini chenye maana kwetu?

Mwaka 2009 watafiti wa Hamburg, Ujerumani, waliwapaka washiriki krimu mbili zilizo sawa kabisa, wakawaambia kuwa moja ina dawa ya maumivu, kisha wakawapa joto la kuumiza mkononi. Palipopakwa krimu iliyoaminiwa kuwa dawa, maumivu yalipungua, na kazi katika ugwe mgongo, kwenye usawa wa shingo ambako mishipa ya mkono huingia, ilipungua pia. Mwaka 2017 watafiti wa jiji hilohilo walionyesha upande wa pili: krimu isiyo na dawa, ambayo watu walionywa kuwa huenda ikaongeza maumivu, iliwaumiza zaidi walioamini kuwa ni ya bei ghali, na tofauti hiyo ilionekana hadi kwenye ugwe mgongo.

Swali: Basi maumivu ni mawazo tu?

Hapana, na kwa maoni yangu matokeo hayo yanathibitisha kinyume chake. Matarajio, hofu na maneno ya mganga hushuka hadi mgongoni na kubadilisha taarifa yenyewe. Sisi wahudumu tunaomwambia mgonjwa kwamba “mgongo umekwisha” tungepaswa kulifikiria hilo.

Swali: Nimpeleke mzee akapimwe kwa MRI hiyo?

Hapana. Hicho ni kipimo cha utafiti, matokeo yake hutokana na wastani wa watu wengi, na hakiwezi kuthibitisha wala kukanusha maumivu ya mtu mmoja. Mazoezi, kutembea kadiri anavyoweza na dawa atakazoshauriwa na daktari vitamfaa zaidi. Lakini akishindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, akifa ganzi sehemu za siri na makalioni, au miguu ikilegea, mfikishe Hospitali ya Bombo, Tanga, au hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo, bila kusubiri kliniki.