Kwenda kwa mshauri nasaha si kurukwa na akili
Katika vyuo vikuu vya Kenya, Maseno hadi Njoro, dhana ni ileile tangu zamani: komredi, yaani mwanafunzi wa chuo, akionekana kwenye ofisi ya mshauri nasaha, kichwa kimeharibika. Si kweli, na inaniuma kuona mtu akipita mlango huo mara mbili, simu sikioni na haongei na yeyote, ndipo abishe. Watu huenda kwa sababu ya mkopo wa masomo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) uliochelewa, msiba nyumbani, usingizi uliopotea wiki ya mitihani. Mazungumzo ni siri, isipokuwa katika hali chache, kama maisha ya mtu yakiwa hatarini. Kikundi cha ushauri nacho, kwa kawaida watu 6 hadi 10, hukubaliana kwanza kwamba ya humo hayatoki. Hulazimishwi kusema. Unaweza kukaa kimya tu, ukimsikiliza mwenzako akieleza hofu uliyodhani ni yako pekee.